Rufaa Iliyokosa Notisi

Mimi ni wakili hapa Iringa, na mwezi uliopita nilijiaibisha mbele ya jaji kule Mbeya. Serikali ilikuwa imenipa kazi ya kumtetea Mzee Kadege, mfugaji wa Usangu aliyefungwa kwa wizi wa ng'ombe, ingawa naamini ng'ombe wale walikuwa wake mwenyewe.

Alipohukumiwa nilimwambia asiwe na wasiwasi, nitakata rufaa. Nikaanza kusubiri nakala ya hukumu. Mkewe alikuja ofisini mara kwa mara, na kila mara nilimjibu kwa kujiamini, "Mama, tunasubiri nakala. Sheria ina utaratibu wake." Nilisahau kwamba utaratibu huohuo unataka notisi ya kukusudia kukata rufaa itolewe siku chache tu baada ya hukumu.

Nakala ilipofika niliandika sababu nzuri sana za rufaa. Nikashona suti mpya, nikapanda basi kwenda Mbeya.

Sikumaliza hata sentensi ya kwanza. Wakili wa serikali alisimama akasema rufaa haina notisi. Nikapekua faili langu kana kwamba ingeweza kuwamo, kisha nikakiri kuwa sikuipeleka. Jaji akasema rufaa haiwezi kusikilizwa, akamgeukia mzee.

"Na wewe, gerezani hukuulizwa kama unataka kukata rufaa?"

"Niliulizwa, mheshimiwa," alijibu taratibu. "Bwana jela aliniletea karatasi siku ileile ya hukumu niweke dole gumba. Nikamwambia asijisumbue, mimi nina wakili."