Maziwa ya Mgando ya Thacienne

Thacienne alifika kwenye makazi ya wakimbizi ya Katumba mwaka 1973 pamoja na wenzake kutoka Burundi, yeye na mumewe Révérien. Mtoto wao, Siméon, walimzika njiani. Ng'ombe waliwaacha huko walikotoka, na hapa hata wangekuja nao wasingedumu, maana msitu ulijaa mbung'o.

Msimu wa pili wa tumbaku, Révérien akaanza kuhema kwa kulima tuta moja tu. Miguu ikavimba. Mganga wa zahanati alimpima kifua, akasema moyo umechoka. Akampa vidonge, akamkataza chumvi na jembe.

Chakula nacho kikamshinda. "Ningepata mgando kama ule wa kwetu," alisema huku akisukuma ugali pembeni, "labda ningekula."

Basi Thacienne akawa anakwenda kwa miguu mpaka Ilembo, kijiji cha nje ya msitu kisicho na mbung'o, kwa Katarina, mama mwenye ng'ombe wachache. Alimlimia shamba, akapewa maziwa, akayagandisha kwenye kibuyu. Révérien alikunywa kikombe kizima, akaomba kingine. Siku hiyo alicheka.

"Kunywa, Baba Siméon," Thacienne alimwambia kwa furaha. "Dawa yako ndiyo hii. Moyo utapona."

Alipomweleza mganga, yule bwana alitikisa kichwa. "Maziwa ni chakula kizuri kwa mgonjwa, mama. Lakini vidonge asiache."

Neno hilo Thacienne hakulifikisha nyumbani. Aliona litamkatisha tamaa mtu aliyeanza kucheka.

Mvua zilipoanza, alimkuta mumewe shambani, jembe mkononi.

"Na vidonge je?"

"Niliacha zamani. Si ulisema dawa ni maziwa?"

Hakuwa akimlaumu. Alikuwa akitabasamu.

Wiki haikuisha, akawa hawezi kulala chali, pumzi zikimkatika. Majirani walimbeba kwa machela kuelekea zahanati. Alikata roho njiani, Thacienne akiwa amemshika mkono.

Katarina alikuja msibani. "Usijitese, dada. Ulimpenda."

"Nilimpenda," Thacienne alijibu, "na nilimficha neno la mganga."

Hakuolewa tena. Baadaye watu walimletea wagonjwa wao walioshindwa kula, wakimwomba mgando. Hakuwanyima, ila aliyepewa dawa hospitali alitakiwa ameze kwanza, yeye akimwangalia. Walinung'unika kwamba mama yule ni mkali. Hakuwaeleza sababu.