Rejea Isiyoandikwa

Siku ya kwanza nilipopanda ngazi za mahakama ya Kadhi hapa Amu, mnapopaita Lamu, nilidhani nimeshtakiwa. Askari wa korti alikuja mlangoni kwetu, mtaa wa Langoni, asubuhi, akasema, "Bi Rukia, Bwana Kadhi anakutaka." Sikumuuliza anitakia nini. Nilivaa buibui nikamfuata, na njia nzima nikawa nawaza ni jirani gani niliyemkosea. Nilikuwa mjane, nauza mahamri, na ulimi wangu ulikuwa umeshanipatia maadui wa kutosha.

Bwana Kadhi wa wakati ule alikuwa mzee mfupi mwenye sauti ndogo, na hakupenda kurudia neno.

"Wewe unawajua wanawake wa mji huu kwa nyuso?" akaniuliza.

"Nawajua, Bwana Kadhi. Walio wengi nimewasuka nywele. Waliobaki nimewapikia harusi."

"Basi kaa pale mkekani. Kazi yako imeanza."

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa, kabla ya uhuru kidogo. Sikuwa na elimu ila ya chuoni: nilihitimu Kurani, na herufi za Kiarabu nazisoma, basi. Lakini Kadhi hakutaka msomi, alitaka macho. Muda mfupi kabla yangu, mwanamume mmoja alimleta mbele yake mwanamke aliyejifunika gubigubi, akasema huyu ni dada yangu, amekuja kuniachia fungu lake la mirathi ya baba. Mwanamke akaitikia ndani ya buibui, akatia dole gumba, wakaenda zao. Dada mwenyewe alikuwa nyumbani kwake anapepeta mchele, hana habari. Kadhi alipojua alibatilisha yale yote, lakini hakulala vizuri. Angefanyaje? Kumfunua mwanamke uso mbele ya wanaume ilikuwa aibu kubwa, na wanawake wa nyumba za Mkomani, mtaa wa waungwana, mchana hawakutoka kabisa.

Basi mimi nikawa nawaingiza chumba cha pembeni, nafunua uso, natazama, natoka nasema, "Ndiye," au nasema, "Siye." Asiyeweza kuja, mimi humwendea kwake na kusikia neno lake. Watu wakanipachika jina, Mato ya Kadhi, yaani macho yake. Walilisema kwa kejeli. Mimi nililipokea kama mshahara wa pili.

Kazi ya majalada nilijifunza kwa kukaa pale. Bwana Karani alikuwa kijana wa Mombasa, mwandiko wake mzuri, hasira yake karibu. Madaftari makuu yalikuwa matatu: la ndoa, la talaka, na la mirathi. Yale ya zamani yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na tarehe zake ni za mwezi mwandamo. Tuliyatilia majani ya mwarobaini yasiliwe na wadudu, na kila baada ya mvua nikiyaanika ndani, mbali na jua, maana karatasi ya Amu hunyonya chumvi kama samaki.

Nyinyi vijana mkitaka nakala ya cheti, mnaingia mnasema, "Naomba cheti cha bibi yangu." Bibi yako nani? Mji huu una kina Mwanaisha wangapi? Wakati wetu mtu aliyekuja kuomba nakala tulimuuliza jina la mume na la baba yake, jina la mke na la baba yake, walii aliyeozesha alikuwa nani, na harusi ilikuwa mtaa gani. Mwaka kama haujui, tulimuuliza ilikuwa kabla ya Ramadhani ya mvua ile kubwa au baada yake. Ukiwa na hayo, Karani atakupatia. Huna, rudi nyumbani ukawaulize wazee, ndipo uje. Wengi walinuna. Walirudi na majina.

Kadhi wa kwanza alistaafu, akaja wa pili, mrefu, mwenye kucheka. Huyu alipenda kuzunguka. Tulikwenda naye Faza, tukaenda mpaka Kiunga, mimi nikikaa na wanawake upande wangu wa chombo nikitapika, yeye na Karani upande wao wakiongea sheria. Kule watu walikuwa na ndoa na talaka za miaka mingi ambazo hazijaandikwa popote. Ndipo nilipoanza kuielewa tabia yetu: mtu akiwa na hasira, huwahi kwa Kadhi kuandikisha. Akiwa na furaha, hana habari na Kadhi. Tabia hiyo nusura imtoe Somoe nyumbani kwake.

Somoe alikuwa mke wa Athmani, seremala wa milango. Hawakujaaliwa mtoto. Siku moja waligombana, Athmani akampa talaka moja, akashika njia hadi kortini, ikaandikwa. Talaka moja haimalizi ndoa papo hapo. Mke hukaa eda, kama miezi mitatu, humo humo nyumbani kwa mume, na kabla haijaisha mume anaweza kumrudisha kwa neno tu: "Nimekurejea." Hiyo ndiyo rejea. Haina mahari mpya wala harusi mpya. Athmani alimrejea mkewe kabla eda haijaisha, wakaishi miaka mingine mingi. Kisha Athmani akaugua, akafa.

Mjane alipotoka eda ya kufiwa, shemeji zake wawili walimjia na nakala ya talaka, ina muhuri wetu. Waliiomba kihalali, wakapewa. Mkubwa wao, Shee, akamwambia, "Wewe ni mtalaka wa ndugu yetu. Mtalaka harithi. Tunaitaka nyumba."

Somoe alikuja mahakamani. Nilimtia chumba cha pembeni, nikamfunua uso, nikamwona alivyokonda.

"Bi Rukia, nataka cheti changu cha ndoa," akasema. "Nikiwaonyesha cheti wataninyamazia."

Karani akakipata upesi. Somoe akakishika kwa mikono miwili, akakibusu. Mimi roho iliniuma, lakini sikuajiriwa kubembeleza.

"Somoe, hicho hakikufai."

"Kwa nini hakinifai? Si jina langu hili? Si jina la Athmani?"

"Ndilo. Lakini ndoa ni ya kwanza, talaka ni ya baadaye. Wao wameshika ya baadaye. Wewe huna haja ya ndoa, una haja ya kilichotokea baada ya talaka. Aliporudi kwako, alikuja kuandikisha rejea?"

Alinitazama kana kwamba nimeuliza kama samaki waliandikisha kuogelea. "Aandikishe ya nini? Mtu amerudi kwa mkewe."

Karani, na hasira zake zote, alilipekua daftari la talaka kuanzia siku ile mpaka mwaka uliofuata, ukurasa kwa ukurasa, na mimi nikayapitia ya herufi za Kiarabu. Hapakuwa na kitu. Akalifunga, akasema polepole, "Pole, dada yangu. Hakuna." Somoe akaanza kulia. Hakulia kwa sauti, machozi tu yakimdondokea kwenye kile cheti, mpaka nikamnyang'anya nikakiweka mbali.

"Nyamaza. Alipokurejea, nani alisikia?"

Akayafuta machozi, akageuza uso ukutani. Nikarudia swali.

"Ilikuwa asubuhi, kiwandani," akasema mwisho. Kiwanda kwetu ni ua wa ndani ya nyumba. "Mamake alikuwapo, alikuwa amekuja usiku kulala kwetu kama kawaida yake. Na ndugu zake walikuwa wamekuja kunywa chai."

"Wote?"

"Wote. Lakini usimwite mama mkwe. Nakuomba kwa Mungu. Wale ni wanawe, na ndio wanaomlisha. Mimi siwezi kumweka mzee yule kati yangu na wanawe. Bora nitoke."

"Bora utoke uende wapi?"

Hakuwa na pa kwenda. Wazazi wake walikuwa wamekufa, kaka hana. Niliingia kwa Bwana Kadhi nikamweleza kama lilivyo. Hakucheka siku ile.

"Mwenye kudai rejea baada ya mume kufa lazima athibitishe," akasema. "Lakini yule mama ni mrithi naye. Akikiri yeye, na wanawe wakakiri, hatuna haja ya karatasi. Hiyo ni ikrari, na ikrari ya mtu juu ya nafsi yake ndiyo hoja nzito kuliko zote. Bi Rukia, nenda kamsikilize. Usimfundishe neno hata moja."

"Mimi simfundishi mtu, Bwana Kadhi. Wao ndio hunifundisha."

Mamake Athmani aliitwa Mwana Hawa, mzee wa Mkomani, tangu alipoolewa hajatoka nyumbani mchana. Tulikwenda baada ya sala ya alasiri. Kadhi na Karani walikaa dakani, pale kwenye viti vya mawe mlangoni, na Shee na mdogo wake wakakaa mkabala nao. Somoe alibaki kwake, hakutaka kuja. Mimi niliingia ndani nikakaa na mzee nyuma ya pazia. Nikamtazama uso, nikasema kwa sauti, "Ni Mwana Hawa mwenyewe, namjua."

"Ndoo, mwanangu, keti," mzee akaniambia. "Kadhi amekuya kwangu leo, kuna nini? Nimeua mtu?"

Wanawe walikuwa hawajamwambia lolote. Nikamuuliza kama nilivyoagizwa: je, mwanawe Athmani alimrejea mkewe, au hakumrejea?

Nilisikia viatu vya Shee vikikwaruza mawe. Mzee alinitazama, kisha akalitazama pazia, akaelewa. Nilimwona alivyoelewa. Uso ule ulizeeka mbele yangu.

"Shee!" akaita.

"Naam, mama."

"Mbona swali hili linauliziwa kwangu?"

"Mama, ni mambo ya sheria. Athmani alimwacha, tuna karatasi. Hakuna karatasi ya kumrudisha."

"Hakuna karatasi." Akalirudia kama anayeonja mchuzi. "Asubuhi ile kiwandani, Shee, ndugu yako aliposema, 'Nimekurejea,' weye mkononi ulikuwa na nini?"

Shee akakohoa.

"Nakuuliza weye."

"Nilikuwa na kikombe, mama."

"Chai ya nani?"

"Ya Somoe."

"Ukainywa?"

"Niliinywa."

"Na miaka yote baadaye, Idi baada ya Idi, mulikuwa mukila pilau ya nani? Sasa nisikizani. Kama Somoe hakurejewa, basi ndugu yenu aliishi na mwanamke wa haramu mpaka akafa, na nyinyi mulijua, na miye nikaketi nao kitako nikala. Hayo ndiyo munayotaka Kadhi aandike? Mumtoe mke nyumbani, na ndugu yenu mumtie zinaani yumo kaburini?"

Mdogo wa Shee alianza kulia pale dakani kama mtoto. Shee alikuwa mwanamume mgumu, lakini si mwanamume mwovu. Alikuwa ameitazama nyumba muda mrefu mpaka akasahau kumtazama ndugu yake ndani yake. Akasema, "Bwana Kadhi, alimrejea. Nilisikia kwa masikio yangu." Mdogo wake akasema vilevile. Karani akaandika yote mawili, na ya mama.

Tulipokuwa tunaondoka, mzee alinishika mkono. "Mwambie Somoe asinitumie salamu za shukrani," akasema. "Nimelisema kwa ajili ya mwanangu." Nikamfikishia Somoe hivyo hivyo. Akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu nimwone.

Somoe alipata fungu lake la mke, yaani robo, na mzee na wanawe wakapata yao. Warithi wote wakakubaliana kwamba Somoe akae ndani ya nyumba maisha yake yote, isiuzwe juu ya kichwa chake. Bwana Kadhi akatoa agizo, na nikawa nalitangaza mimi mwenyewe kwa wanawake wa mji: mume akikurejea, usifurahi tu. Mwambie akaandikishe. Akikwambia kuna haja gani, mwambie Mato ya Kadhi ndiye anayetaka. Wanaume walinichukia kwa hilo, na walikuja.

Niliendelea na kazi ile hadi macho yenyewe yakafifia, nikaacha. Huwezi kuwa mtambuzi wa nyuso kama mwenyewe unamwamkia paka. Sasa wajukuu wa watu huja kwangu kuuliza nani alimwoa nani, kwa sababu wanataka jalada na hawana majina. Nawasaidia. Lakini nawaambia na hili: jalada litakupa kilichoamuliwa, halitakupa kilichogharimu.

Likitafutwa jalada la Athmani, litaonekana. Kuna mstari mmoja wa mwandiko mzuri wa Karani: mama mzazi wa marehemu amekiri. Yaliyotokea mwezi uliofuata hayakuandikwa. Shee alikuwa bado anamletea mamake chakula, lakini hazungumzi naye, anakiweka mlangoni anaondoka. Somoe aliposikia, alikwenda Mkomani usiku na wachukuzi wawili, kwa kuwa mzee mchana hatoki. Akambeba mama mkwe na kitanda chake na mkeka wake wa kuswalia, akamweka kwenye chumba cha Athmani. Mzee aligomba njia nzima, asema hakuomba kuhamishwa. Alikaa mle mpaka alipokufa, na aliyemwosha alikuwa Somoe.