Mizani Mbele ya Mkwe

Binti yangu Rukia alijifungua kwa upasuaji huko Unguja, uzazi wa kwanza, mtoto wa kiume. Alipotoka hospitali akanipigia simu. Akasema "Mama," kisha akaangua kilio. Basi! Uzazi wa kwanza bila mama ni uzazi gani? Magoti yangu hayataki tena basi la Dar na boti ya kuvukia, kwa hiyo mumewe, Othman, akamwacha na jirani, akaja mwenyewe Tanga kunichukua kwa ndege ndogo. Mkwe mwema yule, hata macho haninyanyulii.

Asubuhi, uwanja wa ndege wa Tanga. Hapo ndipo nilipojua kuwa kampuni ile inatoza nauli kwa kilo: unapanda mizani wewe, kisha mzigo wako, na kila kilo bei yake ni moja. Na mizani yenyewe, Mola wangu, ina tarakimu nyekundu kubwa zinazoitazama foleni nzima! Mimi ni mnene, sifichi. Nikipita Ngamiani watu husema, "Bi Mwanaisha huyo, kashiba," nami hutembea kwa maringo. Lakini mkwe! Mtu ambaye hata kula mbele yake naona haya, leo azijue kilo zangu?

"Sipandi," nikamwambia dada wa kaunta.

"Bila kupima hakuna tiketi, mama."

Wanawake wawili nyuma yangu wakanielewa. Wakatoa kanga mikobani, wakazitanda zikawa pazia. "Panda, shoga, hakuna aonaye." Nikainua mguu, nikaushusha. Analipa nani? Othman. Na Othman anasomesha hesabu sekondari! Akishatajiwa nauli, atagawanya kichwani kabla sijashuka.

Mwenyewe alikuwa kanipa kisogo, anasoma tangazo la ukutani kama anaandaa mtihani.

"Mama," akasema huko huko, "ndege haingoji. Rukia tangu jana hajala kitu cha maana. Kila nkimpikia anasema anangoja mkono wako."

Neno hilo likanichoma. Nikautazama mzigo wangu: samli, asali, mchele, pilipili manga, na kinu changu cha mti, maana sikuamini vinu vya watu. Ndipo akili ikanijia. Kama mwili na mzigo bei yake ni moja, nani kasema tupimwe mbalimbali? Nikajitwisha kapu, begi begani, kinu nikakikumbatia, nikapanda. Tarakimu zikapaa mpaka mtu akaguna, "Lo!" Wagune tu! Mwalimu mzima wa hesabu asingejua zipi za mama mkwe na zipi za kinu. Akalipa, nami nikashuka nimeinua kichwa.

Ndani ya ndege rubani akanitazama mara moja, akasema, "Mama, wewe kaa hapa katikati, tutulie." Nikakaa. Kabla sijamaliza dua zangu tukawa tunatua Kisauni, uwanja wa ndege wa Unguja.

Adhuhuri, Mji Mkongwe. Teksi ilitushusha mbali, vichochoro vya Kiponda havipitishi gari, na nyumba yao iko juu kabisa. Chini alitupokea jirani yao, Bi Saada.

"Karibu, mgeni. Ngazi hizi zinakula pumzi."

"Ziache zizile, bibi. Ninazo za akiba."

Nikapanda nikihema. Rukia wangu alikuwa kitandani, uso umebaki macho tu. Akikohoa, mshono unauma. Akilala chali, hawezi kuinuka. Nikapanda kitandani nyuma yake, nikamwegemeza kifuani pangu, mtoto mapajani pake.

"Alhamdulillahi," akasema. "Mito yote migumu. Na Othman, mama, ni mifupa mitupu, nikimwegemea ananichoma."

Tukacheka, akashika mshono wake, tukacheka tena. Akanywa uji wa pilipili manga mpaka mwisho wa bakuli, akalala hapo hapo juu yangu. Mguu wangu mmoja ulikufa ganzi, sikuusogeza. Nililia kimya kimya kwa furaha, nikamwambia Mola asante kwa mwili huu.

Arubaini ilipokwisha Rukia alikuwa anashuka ngazi mwenyewe, mtoto begani, anagombana na Bi Saada juu ya bei ya samaki. Nikaaga.

Kisauni, siku ya kurudi. Kampuni ile ile, bei ile ile. Kinu nimemwachia Rukia, mzigo sina, nina mkoba wa mkononi tu. Othman akaanza kugeuza uso.

"Tazama, mwanangu," nikamwambia. "Utalipia kitu usichokiona?" Nikapanda, nikamwambia dada wa mizani asome kwa sauti, na watu wote wasikie. Nilizibeba kilo hizi miaka yote nikidhani ni zangu peke yangu, kumbe zina wenyewe.

Dada akasoma. Othman akahesabu pesa, akainamisha macho kwa adabu.

"Mama, Rukia kasema usipunguze hata moja," akasema. "In shaa Allah, kuna wa pili."