Mpapai Dume wa Kivuti

Wambeti, mama yake Purity, alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa kanisa huko Kiritiri, na baada ya dhambi hakuna kitu alichokichukia kama mpapai dume. Mpapai jike maua yake ni manene, yamekaa karibu na shina kama watu wenye adabu. Dume huning'iniza vishada virefu, hunukia vizuri, na hazai kitu.

"Huyu ni kama wale wanaume wa kushinda sokoni wakicheza drafti, halafu jioni wanauliza chakula kiko wapi," aliwaambia wenzake. Mipapai ambayo akina mama walipanda katika shamba la kanisa ilipotoa maua, akashika panga mwenyewe, akayakata madume yote huku akiimba wimbo wa toba. Hata akamwonya jirani yake Kivuti, ambaye kanisani huonekana siku ya harusi tu, akate dume lake lililo getini. Kivuti akasema mti haujamkosea.

Mwezi ukapita. Majike yakatoa maua, maua yakaanguka. Bwana wa kilimo alipopita, alicheka mpaka akashika uzio: bila unga wa maua ya dume, jike litazaa nini? Kanini, katibu wa hao akina mama, akatangaza kwamba mvua ikinyesha kabla ya tunda kuonekana, mipapai itang'olewa wapande ndengu, na mwenyekiti mpya achaguliwe.

Wambeti alisali siku mbili akitafuta njia nyingine. Haikuonekana. Siku ya tatu akachukua kikapu, akaenda kwa Kivuti, akaomba maua.

"Chukua, Mama Purity," Kivuti akasema. "Lakini ulilitukana mbele ya watu. Liombe msamaha."

"Niombe mti?"

"Wewe si ulihubiria mti?"

Akasimama mbele ya lile dume kama aliyeitwa mbele kutubu. Akasema nisamehe, nilikuhukumu kwa macho. Kivuti akaitikia amina, kwa sauti ambayo kanisani haijawahi kusikika.

Asubuhi ileile akina mama walipaka maua ya dume kwenye maua ya majike, ua moja moja, wakicheka mambo ambayo katibu hakuyaandika. Mvua ilipokuja, ilikuta vipapai kama mayai ya kware. Hakuna aliyetaja ndengu tena.

Msimu uliofuata, mipapai mipya ilipotoa maua, Wambeti aliacha dume moja katikati ya shamba, akaliita Kivuti. Kivuti mwenyewe aliposikia, akaja Jumapili kanisani, kuuliza kama naye atamwagiliwa maji kama yule wa shambani.