Pikapu Iliyonyamazishwa

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, ukungu ukiwa bado umelala juu ya njia ya Kapolowe, nami kijana kwenye usukani wa pikapu iliyonizidi umri. Wewe ndiye umenikumbusha. Tangu juzi unanionyesha kwenye simu picha za pikapu kuukuu, na kwa kila moja unauliza jambo lile lile: imetembea kilometa ngapi? Swali si baya. Nililiuliza kabla yako.

Shule niliiacha mapema. Walimu hawakunifukuza, masikio yangu tu yalikuwa nje ya dirisha. Nikabeba mawe Kamatanda, nikauza mikate mtaa wa Panda, Likasi, nikalala Kolwezi kwa watu nisiowajua, nikitaka kuona kila njia inaishia wapi. Mwishowe Muzee Mumba wa Panda, ambaye macho yalikuwa yameanza kumfifia, akanipa pikapu yake niiendeshe. Asubuhi nilipeleka sabuni, chumvi na unga Kapolowe. Alasiri nilirudi na samaki, maharagwe na watu.

Mita yake ilikuwa imepita kilometa laki tatu na nusu. Mwalimu mmoja aliwahi kutuambia kwamba mwezi uko mbali kilometa karibu laki nne, na mimi sikulisahau neno hilo. Basi nilikuwa naendesha huku naota kwamba hii gari imebakiza kidogo tu ifike mwezini. Kisha nacheka peke yangu, maana safari yote hiyo imeifanya bila kutoka kati ya Likasi na Kapolowe. Nikaionea huruma, na Muzee nikamwonea pia.

Halafu kulikuwa na ule mlio. Bomba la moshi lilikuwa limetoboka kwa miaka mingi. Kwenye kilima gari ilikohoa, kwenye mteremko ilinguruma, na ikipunguza mwendo ilitoa sauti kama mtu anayegonga beseni. Vijana wa Panda, walioniita kaka yao, wakanitania: "Yaya, hiyo ni gari ao mashine ya kusaga muhogo?" Debe tupu haliachi kuvuma, nikajiambia, na haya ikanishika. Muzee alipokwenda Lubumbashi kumtembelea binti yake, nikaipeleka gari kwa fundi wa kuchomelea, akaitia bomba zima. Nilitaka Muzee akirudi ashangae.

Mwanangu, raha ya asubuhi ile sijaipata tena. Gari ilikwenda kama inayoteleza. Nilisikia ndege. Nilisikia matairi yakilamba mchanga. Ukungu ulifunguka mbele yangu na kujifunga nyuma, vichuguu vikasimama kando kama watu waliojifunika mablanketi, vijiji vikapita milango imefungwa, na mimi nikahisi kwamba siendeshi, naota tu, na kwamba nikitaka naweza kupitiliza mpaka dunia iishe.

Wakati wa kurudi njia ilikuwa tupu. Mama zetu waliozoea kusimama kando ya magunia yao hawakuwapo. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wasema wahenga, lakini mimi nilikuwa bado ndotoni. Nikadhani mavuno yamekuwa haba.

Mbele kidogo nikawakuta wanawake wawili wanatembea juani. Mmoja alikuwa Mama Ngoie, muuza maharagwe niliyempakia kila wiki. Mwingine alikuwa binti yake, mimba imefika mwisho, anajishika kiuno na kumwegemea mama yake kila baada ya hatua chache. Hawakuninyooshea mkono. Nikasimama, nikawaambia wapande.

Mama Ngoie akaniangalia, akaiangalia gari. "Weye unatoka wapi? Gari ya Muzee haikupita leo."

"Ilipita asubuhi, Mama. Njo hii yenyewe."

"Hii? Ya Muzee inalia."

Akanieleza, huku tunampandisha binti. Tangu alfajiri walikuwa wamefunga mizigo, wamekaa ndani kwa sababu ya baridi, wanasikiliza. Ndivyo walivyofanya siku zote: gari ikisikika inakwenda, nao wanajiandaa waikute inaporudi. Jua lilipopanda bila mlio wowote, jirani mmoja akasema Muzee Mumba amekufa, na kilio kikaanza. Kisha uchungu ukamshika binti, wakaona heri watembee.

Alipomaliza akasema, kwa upole ulioniuma kuliko tusi: "Mwana, gari ikinyamaza, siye tutajua je?"

Kila shimo lilimtoa binti yule sauti, na kila sauti ilinichoma mimi. Mita sikuitazama. Kilometa zile chache zilikuwa ndefu kuliko laki zote tatu. Tulifika hospitali ya Likasi, na mtoto wa kike akazaliwa kabla hatujapata pa kukaa. Mama mzima, mtoto mzima. Nikatoka nje, nikaketi chini kando ya gari.

Muzee aliporudi akaniambia niwashe gari. Akainamisha kichwa, akasikiliza muda mrefu. Nikamweleza yote: wingi wa kilometa, haya ya mlio, Mama Ngoie na binti yake, kilio.

"Hizo kilometa miye sikuzihesabu," akasema. "Bamama wa njia njo walizihesabu, kwa masikio. Weye umeyaziba." Kisha akaongeza: "Na tena umeniua, hata sanduku la kunizikia hukuninunulia."

Kesho yake nikarudisha bomba la zamani kwa mikono yangu, tukaenda pamoja, tukisimama kijiji kwa kijiji ili waliomlilia wamwone. Bibi mmoja akamfinya mkono kuhakikisha, akamwambia, "Muzee, unirudishie machozi yangu."

Basi, mwanangu, uliza kilometa, lakini uliza pia zilitembewa kwa ajili ya nani. Ya kale ni dhahabu, ila dhahabu hiyo mara nyingi iko kwa watu walioizoea, si kwenye chuma. Kabla ya kurekebisha kinachokutia haya, tafuta kwanza ni nani anakitegemea. Ukishapewa kazi ambayo watu wanaisikiliza, usibadili sauti yake bila kuwaambia.

Nunua gari unayoiweza. Mungu akuvushe katika vumbi na katika matope, akupe njia yenye watu, na wanaokungoja wasikukose.