Wiki Shule Yetu Ilipokatazwa Kusalimu

Siku yangu ya kwanza kazini sikuandikiwa barua ya ajira. Nilichelewa gwaride la asubuhi, na Bwana Mkuu wa shule akaniamuru nikapanguse vumbi ofisini kwa Bi Karani mpaka akili inirudie. Nilikuwa kidato cha pili. Nyinyi wadogo zangu wa kidato cha kwanza mnaosoma jarida hili hamwezi kujua kazi ilivyokuwa zamani zile, mwaka juzi. Tulieni niwaeleze.

Bi Karani wetu ni mtu wa mtaa wa Mkomani, wa nyumba za kale, na hajapata kupokea barua akakosa kuijibu. Siku ile nilimkuta akiijibu seva. Seva, kwa msiotumikia, ni kompyuta ya mbali inayopokea barua pepe na kuzigawa, kama posta isiyo na mtu wa kugombana naye dirishani. Barua ikishindwa kufika, seva huirudisha na maelezo ya sababu kwa Kiingereza kigumu. Sisi wa kazi tulisema imebaunsi. Bi Karani alikuwa akichapisha kila maelezo, anayatoboa matundu, anayatia kwenye faili la "Majibu Yaliyopokelewa", kisha anaandika: "Bwana Mhusika, assalamu alaikum. Barua yako tumeipata na tunashukuru kwa kutujulisha." Hiyo nayo ikibaunsi, anaijibu tena. Walikuwa wamefika barua ya tisa, na alishaanza kumwona Bwana Mhusika kuwa mtu wa adabu ila mkaidi.

Nikamweleza kwamba upande wa pili hakuna mtu.

"Basi huyu asiyekuwako," akasema, "mbona hujibu upesi kuliko wazee wenu?"

Nikaajiriwa hapo hapo. Mwalimu wa kompyuta alikuwa amehamishiwa bara na hajaletwa mwingine, kwa hiyo cheo kilikuwa wazi. Mshahara ulikuwa kutopiga deki bwenini.

Kazi yenyewe ilianza kwa kusoma namba. Barua iliyorudi huja na namba ya makosa. Ikianza na nne, ni mwenye nyumba anakwambia rudi baadaye. Ikianza na tano, amefunga mlango na kutia komeo. Mara nyingi kosa lilikuwa letu: nafasi imeachwa katikati ya anwani, nukta imesahauliwa, au mzazi wa kijiji cha Mbwajumali amemwandikia mwalimu anwani yake kwenye karatasi iliyofungiwa bajia, na herufi tatu zimekunywa mafuta. Hapo hakuna utaalamu. Unampigia simu mzazi.

Muhula uliofuata nilipandishwa hadi ofisi ya Bwana Mkuu mwenyewe. Yeye ni mtu wa bara, Mkristo, mpole, na alikuwa na ugonjwa mmoja tu: hafuti kitu. Watu wakamwandikia, barua zao zikabaunsi, namba ikasema kikasha kimejaa. Nilipomwomba tufute za zamani alikunja mikono. Kumbukumbu za shule hazifutwi, Saumu, akaniambia. Nikafungua kikasha na kukuta picha kumi na nne za punda mmoja aliyewahi kuingia gwarideni, zote Bwana Mkuu amejitumia mwenyewe. Alidai ni ushahidi. Tulijadiliana siku mbili, tukabakiza picha tatu: punda kwa mbele, kwa ubavu, na akiondoka.

Lakini kazi iliyonizeesha ni ya Mwanaheri.

Mwanaheri wa Mkokoni alikuwa kiranja mkuu wetu. Wakati wake niliandikwa jina kwenye daftari la wapiga kelele mara nyingi hata likawa linajiandika. Akamaliza kidato cha nne, akapata nafasi chuo cha uuguzi. Chuo kikataka barua ya uthibitisho kutoka kwa Bwana Mkuu, itumwe kutoka anwani ya shule yenyewe, kwa sababu barua za kughushi zimezidi. Mwisho, Ijumaa saa sita mchana. Isipofika, nafasi anapewa mwingine.

Bwana Mkuu aliituma Jumatano. Ikabaunsi. Akatuma tena, ikabaunsi tena. Akapiga simu chuoni. Msajili akasema anasikitika, lakini sheria haisikitiki. Alhamisi Mwanaheri akaingia ofisini, amepanda boti alfajiri kutoka kwao, akakaa kwenye benchi akiwa amelishika begi kwa mikono miwili. Nilitaka kumtania. Nikamtazama uso, utani ukaniishia.

Namba ilianza na tano. Maelezo yalisema anwani yetu imetiwa kwenye orodha nyeusi, yaani daftari la wapiga kelele la seva za dunia nzima. Ukiandikwa humo, milango inafungwa kabla hujabisha. Nikafungua barua zilizotumwa ili nijue tumefanya nini.

Tulikuwa tumesalimu.

Kila Ijumaa saa mbili asubuhi Bi Karani alituma waridi linalometameta lenye maneno "Ijumaa Karim" kwa kila anwani iliyopata kupita mezani pake: wazazi, vyuo, muuza maharagwe, fundi wa tangi, walimu waliohama, na anwani chungu nzima zilizokufa. Seva zilihesabu barua zinazokwenda kwa wasiokuwako, zikasikia malalamiko ya waliochoshwa na waridi, zikakata kauli kwamba sisi ni matapeli.

Nikajaza fomu ya kuomba tuondolewe. Jibu likaja: ombi litashughulikiwa ndani ya saa ishirini na nne, ila mkirudia, mtafungiwa mwezi mzima. Kesho yake ni Ijumaa. Ikabaki mtu amwambie Bi Karani asisalimu. Nikamwomba Bwana Mkuu. Akakumbuka ana kikao kisiwani Manda, na Manda hakuna mtu wa kukaa naye kikao. Kwa hiyo Ijumaa asubuhi nilikwenda mwenyewe, na Mwanaheri, aliyelala bwenini kwetu, akarudi kukaa kwenye benchi. Waridi lilikuwa tayari kwenye kioo.

Nilimweleza yote, kwa heshima, nikiwa nimesimama karibu na mlango.

"Wanikataza kusalimu watu?" akauliza polepole. "Mwanangu, salamu ni suna, kuirejesha ni wajibu. Mimi natimiza langu. Wasiorejesha ndio wa kutiwa kwenye orodha nyeusi."

Alikuwa amesema kweli. Kidole chake kikarudi kwenye kipanya. Hapo Mwanaheri akainuka kwenye benchi. Huyu hakuwahi kumwomba mtu kitu. Alizoea kupuliza filimbi.

"Bi," akasema, "yeo nisalimu mimi tu. Niko hapa."

Bi Karani akamtazama. Akaachia kipanya, akageuza kiti, kompyuta akaipa mgongo. Kisha akamsalimu. Akamuuliza hali yake, hali ya mama, ya bibi na mguu wa bibi, ya ami aliyevunjikiwa na mashine ya boti, ya jirani aliyeolewa Kiwayu na kama mume ametulia. Mwanaheri alijibu kila moja, salama, alhamdulillahi, huku mato yake yakienda kwenye saa ya ukutani. Saa nne ikapita wakiwa bado kwa mashemeji.

Saa nne na nusu tukaarifiwa tumeondolewa. Bwana Mkuu, aliyerudi kutoka Manda mara tu aliposikia hakuna aliyefokewa, akatuma barua. Katika kazi yetu kushindwa kunakuja baada ya dakika mbili, na kufaulu hakuna sauti. Tukakodolea kioo. Midomo ya Bwana Mkuu ilikuwa ikicheza, sijui zaburi gani. Mwanaheri akaniuliza kimya hicho ni kizuri au kibaya. Nikamwambia kizuri, kisha nikafungua kikasha upya.

Saa sita kasoro robo chuo kikajibu: imepokelewa, nafasi ni yake. Mwanaheri aliisoma mara mbili. Akanigeukia machozi yakimtiririka.

"Blauzi yako, Saumu," akasema. "Chomekea."

Nikachomekea. Ndiyo barua ya pongezi pekee niliyopata katika utumishi wangu.

Muhula huu nimestaafu, maana niko kidato cha nne na mitihani haina huruma. Kiinua mgongo changu kilikuwa mahamri mawili na dua. Kazi nilimkabidhi mwenzangu wa kidato cha pili, na nilimwachia usia mmoja: soma namba kabla ya kulaumu mtandao, na ukishasoma namba, mtafute mtu.

Bi Karani hatumi waridi tena. Siku hizi anasalimu kwa simu, mmoja mmoja, kuanzia saa mbili mpaka adhana ya Ijumaa, na shule nzima haipati hata stakabadhi. Siku ya kuagana Bwana Mkuu alinisindikiza mpaka nje, akaurudisha mlango taratibu.

"Saumu," akanong'ona, "ile orodha nyeusi, hatuwezi kurudishwa, naye arudie waridi lake?"

Nikamwambia inawezekana, ila karani ndiye wa kuandika maombi, na wakati huo sauti yake ilikuwa ikisikika kupitia dirishani, akimuuliza fundi wa tangi kama mkwewe amejifungua.