Barua za Kavira nilizozitupa bila kuzisoma

Nimekosa, na nilikosa kwa kusudi. Msinitafutie visingizio.

Ukoo wetu ulikimbia vita kule Djugu ukatawanyika. Wengine tuko hapa Bunia, wengine Irumu, wengine Kampala. Kinachotuunganisha ni orodha ya barua pepe: unaandika mara moja, kila mtu anapata. Ugonjwa au kilio kikishatangazwa pale, hakuna anayepigiwa simu tena, na asiyefika hana la kujitetea.

Mlinzi wa orodha hiyo nilikuwa mimi. Matangazo ya matapeli yalikuwa yanamiminika hadi watu wakaanza kujiondoa, ndipo nikapewa kazi ya kuyazuia.

Kisha kaka yangu akamwoa Kavira, muuza vitenge wa mtaa wa Lumumba. Siku ya karamu alisema mbele ya wageni, "Huyu dada yenu iko anakula tu ya ndugu yake." Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, lakini neno lile nililiweka moyoni.

Siku moja alituma tangazo la vitenge kwenye orodha. Moja tu. Ningeweza kumwonya. Badala yake niliichanganya anwani yake na za matapeli, ili kila atakachoandika kifutike chenyewe bila yeye kujua. Nililala vizuri, nasema ukweli.

Shangazi yetu, aliyenilea tangu mama afe, aliugua katika kijiji cha mbali kule Irumu. Kaka alikuwa anamuuguza mahali pasipo na mtandao mzuri, akamwagiza mke wake awaandikie wote. Akaandika. Shangazi alipofariki, akaandika tena.

Hakuna mwingine aliyekwenda. Kaka na majirani ndio waliomzika. Kaka aliporudi aliniambia kwamba hadi mwisho shangazi alikuwa anauliza kama niko njiani.

Nilimfuata Kavira dukani nikiwa nimewaka. "Juu ya nini haukuniambia?"

Hakuacha hata kukunja kitenge chake. "Nilituma. Si weye njo unachungaka mulango?" Kweli, mlinzi wa mlango nilikuwa mimi, na barua zake zilifutika kama nilivyopanga.

Ukoo ulipojua, ulininyang'anya ulinzi, ukampa yeye. Sasa barua zangu ndizo zinazosubiri ruhusa yake. Niliandika kuwaomba wote msamaha, na mpaka leo barua hiyo haijapita. Bado namchukia, sitawadanganya.

Weye unayelinda mlango wa watu, usiufanye silaha ya ugomvi wako. Shangazi yangu ndiye aliyebaki nje.

Nimeandika hapa, mbele ya watu nisiowajua, kwa sababu hapa Kavira hana ufunguo.